Kurekodi gitaa la besi nyumbani: mwongozo kwa mpigaji wa Kamanyola

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, zinazofungwa kwa sauti za mi, la, re na sol. Uzi mnene, ule wa mi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. La ni hezi 55, re ni 73 na sol ni 98. Tarakimu hizo ndizo zinazoamua karibu kila jambo katika kurekodi besi nyumbani. Spika ya simu haiwezi kuzitoa, kuta za chumba huzikuza nyingine na kuzimeza nyingine, na umeme wa gridi nchini Kongo, wenye mtetemo wa hezi 50, umekaa katikati yake. Mpigaji wa Kamanyola anayeshika besi kwenye kwaya Jumapili, na siku nyingine akataka kujirekodi akibuni muziki wake papo hapo, hana lazima ya kupanda hadi studio za Bukavu. Kazi hiyo inafanyika nyumbani, kwa vifaa vichache, mradi aelewe tabia za sauti nzito na awe na subira ya kusikiliza alichokirekodi.

Njia ya sauti

Besi huchukuliwa kwa njia mbili: kuweka maikrofoni mbele ya amplifaya, au kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi. Nyumbani, njia ya pili ndiyo bora. Amplifaya ndogo haiifikii vizuri mi ya chini, nayo kubwa huwanyima majirani usingizi. Wala kuchomeka moja kwa moja si njia ya mtu aliyekosa nyingine: James Jamerson, ambaye besi yake ilibeba nyimbo nyingi za Motown huko Detroit katika miaka ya 1960, alirekodiwa kwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya studio.

Kinachohitajika ni kadi ya sauti ya USB. Jambo la kutazama kabla ya kulipa ni tundu la kuingizia gitaa. Pikapu zisizotumia betri hutoa umeme dhaifu, na zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaohmu 1. Zikichomekwa kwenye tundu la maikrofoni au lile jembamba la kompyuta, sauti hupoteza makali yake ya juu na kubaki nzito isiyoeleweka. Tundu linalofaa huwa na picha ya gitaa, au limeandikwa "Inst" au "Hi-Z". Kadi nyingi hufanya kazi na kompyuta, na baadhi hufanya kazi na simu ya Android kupitia kebo ya OTG, lakini hilo lijaribiwe palepale dukani kwa simu yenyewe, kwa sababu si kila simu inaweza kuilisha kadi umeme.

Kwa upande wa programu, Audacity ni ya bure na inatosha kwa mwanzo. Reaper ni nyepesi kupakua kwa mtu anayehesabu mega zake, na huruhusu siku 60 za majaribio. Kwa kazi ya kupanga matabaka ya sauti inaishinda Audacity kwa mbali. Kinasa sauti cha WhatsApp hakifai kabisa, maana kimeundwa kwa ajili ya maneno na huikandamiza sauti mpaka besi inakonda.

Mipangilio ni miwili tu: sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Besi hurekodiwa kwa mono, kwa hiyo dakika moja hula takriban megabaiti 8.6, na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 hubeba karibu saa 60. Kiwango cha kuingiza kipangwe ili pigo kali kuliko yote lifike karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha programu. Wapigaji wengi hupandisha kiwango mpaka mstari mwekundu wakidhani ndivyo besi inavyopata nguvu. Sauti iliyogonga sifuri imekatwa kichwa, na hakuna programu inayoirudisha ilivyokuwa. Iliyorekodiwa chini kidogo hupandishwa baadaye bila hasara, kwani biti 24 zina nafasi ya kutosha.

Kuna pia suala la ucheleweshaji. Sauti ikiingia kwenye kompyuta na kutoka kwenye hedifoni huchelewa kwa muda unaotegemea bafa: sampuli 128 ni kama milisekunde 2.7, na 512 ni karibu 11, kila upande. Kwa kuwa sauti hewani husafiri mita moja kwa milisekunde 3 hivi, milisekunde 11 ni sawa na kusimama karibu mita 4 kutoka kwenye spika, jambo ambalo wanamuziki wa jukwaani hulizoea. Zikizidi 20, mkono huanza kuburuta nyuma ya mapigo. Kompyuta ya zamani hushindwa bafa ndogo na kutoa milio ya kukatika. Hapo dawa ni kujisikiliza kupitia kitufe cha kadi yenyewe kinachopeleka sauti hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti mno, hazifai kurekodia tabaka juu ya tabaka.

Umeme na chumba

Umeme ndio adui wa kwanza wa rekodi ya besi. Mvumo wa hezi 50 unaoingia kwenye kebo hauko mbali na muziki, umo ndani yake. Sol ya chini, inayobonyezwa kwenye freti ya tatu ya uzi wa mi, ni hezi 49. Noti hiyo ikishikiliwa juu ya mvumo wa gridi, sauti mbili zinazopishana kwa hezi moja husikika zikipanda na kushuka mara moja kila sekunde, na mpigaji asiyejua hudhani gitaa lake limelegea. Kuukata mvumo kwa ikwalaiza ni kuikata na sol yenyewe. Kwa hiyo mvumo huondolewa kabla ya kurekodi.

Njia ya uhakika ni kurekodi kompyuta ikiwa kwenye betri yake, chaja imechomolewa ukutani. Anayetumia sola atakutana na tatizo jingine: vigeuzi vya bei nafuu vinavyobadili umeme wa betri kuwa wa volti 220 hutoa umeme wenye kona kali, na kona hizo husikika kama nyuki ndani ya pikapu. Basi kompyuta ichajiwe mchana, na kigeuzi kizimwe wakati wa kurekodi. Simu iwekwe katika hali ya ndege na mbali na gitaa. Kabla ya kuanza, sekunde 30 za kimya zirekodiwe gitaa likiwa limechomekwa, mpigaji akigeuka polepole na gitaa mwilini. Pikapu za koili moja hunasa mvumo zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na hivyo hupatikana mwelekeo wa kukaa ambao mvumo ni mdogo kuliko kote.

Chumba hakiingii kwenye rekodi iliyopita kwenye kebo, lakini huingia kwenye masikio mara spika inapowashwa. Kila chumba kina sauti zake kinazozipenda, na huweza kukokotolewa: mwendo wa sauti hugawanywa kwa urefu wa chumba mara mbili. Kamanyola iko chini kwenye uwanda wa Ruzizi, na hewa ya joto la nyuzi 30 hupitisha sauti kwa kasi ya karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba cha mita 4 kwa 3, ambacho ni cha kawaida katika nyumba nyingi, kitakuza hezi 43.6 kwa urefu na hezi 58.2 kwa upana. Hizo ni fa na si bemoli, yaani freti ya kwanza ya uzi wa mi na freti ya kwanza ya uzi wa la. Mpigaji akiona noti hizo mbili zinanguruma kuliko jirani zake akazipunguza kwenye rekodi, wimbo wake utasikika na mashimo mawili kila mahali isipokuwa chumbani kwake. Godoro lililosimamishwa ukutani husaidia kwa sauti ya mtu na likembe, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa gumba, ila kwa hezi 43 halifanyi lolote la maana. Maamuzi kuhusu uzito wa besi yafanywe kwenye hedifoni.

Kebo ina neema moja kubwa katika nyumba ya mabati: mvua haiingii ndani yake. Katika miezi ya masika mtu anaweza kurekodi besi saa nzima huku paa likipigwa na mvua isisikike hata tone. Sauti zinazohitaji maikrofoni husubiri, ama utulivu wa usiku malori yanapopungua kwenye barabara ya taifa namba 5, ama kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8.

Kubuni papo hapo

Kubuni papo hapo hakumaanishi kupiga chochote kinachokuja mkononi. Katika muziki wa Kongo kuna shule iliyo tayari, nayo ni sebene: sehemu ya wimbo ambapo maneno hupungua, mzunguko mfupi wa kodi hurudiwa, na magitaa hupewa uhuru. Gitaa la solo ndilo linalosifiwa, na majina kama Franco na Docteur Nico yalijengwa hapo. Lakini anayeketi kusikiliza chini ya solo atagundua kwamba besi nayo inazungumza, na mara nyingi inazungumza kwa kunyamaza. Wapigaji wazuri huruka pigo ambalo sikio linalitegemea, kisha hujibu nusu pigo baadaye, na pengo hilo ndilo linalosukuma miguu ya wachezaji.

Zoezi la kwanza linaweza kujengwa juu ya mzunguko wa do, fa, sol, fa, mapigo manne kila kodi, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 8, na dakika nne hutoa mizunguko 30. Kwanza hurekodiwa mapigo ya kuongoza: chupa inayogongwa kwa kitu cha chuma, kama ilivyosikika katika muziki wa magitaa wa Katanga miaka ya 1950, hufaa kuliko metronomu ya programu, kwa sababu ina uhai wa mkono wa mtu. Kisha besi hupigwa dakika zote nne bila kusimama, kwa sharti moja: katika mizunguko kumi ya kwanza ziruhusiwe noti mbili tu kwa kila kodi. Kwenye do, kwa mfano, zitumike do ya freti ya tatu ya uzi wa la na sol ya freti ya tano ya uzi wa re. Mtu akinyang'anywa noti hulazimika kubuni kwa mdundo, urefu na kimya. Katika mizunguko kumi inayofuata, noti ya pigo la kwanza iachwe. Kumi ya mwisho ni huru.

Makosa yasisimamishe kurekodi. Noti iliyopotea ikirudiwa kwa makusudi katika mzunguko unaofuata huacha kuwa kosa na kuwa wazo, na ustadi huo haujengwi na mtu anayebonyeza kitufe cha kusimamisha kila anapoteleza. Kwa sababu hiyo hiyo si vema kukata vipande vizuri vya rekodi tatu na kuviunga kuwa moja. Muziki uliobuniwa una mwendo wake toka mwanzo hadi mwisho, na kiungo husikika hata kama hakionekani kwenye skrini. Rekodi ichaguliwe nzima au iachwe nzima.

Kusikiliza kufanywe kesho yake, gitaa likiwa kwenye mfuko wake. Mara tu baada ya kupiga, vidole bado vinakumbuka juhudi, na sehemu iliyokuwa ngumu huonekana nzuri kwa sababu ilikuwa ngumu. Mpigaji akae na daftari, aandike dakika na sekunde ya kila mahali ambapo mwili ulitikisika wenyewe. Sehemu hizo hujifunzwa upya kwa sikio, moja moja, mpaka ziwe mali ya mkono. Rekodi za wengine nazo hufundisha. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likibeba besi. Upigaji wake ulikuwa wa kubuni kiasi kwamba mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1960, akinukuu noti kwa noti namna mistari ilivyogeuka kutoka ubeti hadi ubeti. Mpiga besi anayetaka kujua kubadili jambo dogo bila kuvunja wimbo hana mwalimu bora kuliko gumba la Bosco, na rekodi hizo zinapatikana.

Majirani wa Kamanyola wana shule yao ya sauti nzito. Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Burundi, inanga, ala ya nyuzi, hupigwa kwa sauti ya chini huku mwimbaji akinong'ona badala ya kuimba. Mnong'ono hauna noti, lakini sikio huazima noti za nyuzi na kusikia kana kwamba maneno yenyewe yanaimbwa. Bashi wa upande wa Kivu wana lulanga, ndugu wa ala hiyo. Jaribio zuri ni kurekodi besi ikizungushwa polepole kwenye nyuzi mbili za chini, kisha tabaka la pili la mnong'ono, maikrofoni ikiwa sentimita 10 kutoka mdomoni na kando kidogo ili pumzi isiipige. Hata maikrofoni ya simu huweza kazi hii, kwa kuwa mnong'ono hauna sauti nzito ya kupotea.

Likembe nayo ni mwenzi mwema wa besi. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilitengeneza pikapu za likembe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, likawa na likembe za ukubwa tofauti, mojawapo ikishika nafasi ya besi. Mkwaruzo wa vifaa hivyo ukawa sehemu ya muziki wenyewe, na albamu ya *Congotronics* ya mwaka 2004 iliusambaza duniani. Mpigaji anayemwalika mzee wa likembe nyumbani ajue jambo moja: likembe haikufungwa kwa noti za gitaa, na si kazi ya mzee kusogeza vyuma vyake kimoja kimoja. Anayefunga upya ni mwenye besi, mwenye vifungio vinne tu. Apate kwanza sauti ya chuma kirefu cha katikati, afunge uzi mmoja kwayo, kisha nyingine zifuate kwa sikio. Sauti mbili zitakazogoma kukubaliana ziepukwe au ziguswe kwa kupita, na hapo ndipo muziki usiotarajiwa huzaliwa.

Upo pia ubunifu usio na mzunguko wala kodi, ambao Mwingereza Derek Bailey aliutumikia kwa miaka mingi kwa gitaa. Anayetaka kuujaribu aanze na sharti la muda: dakika tatu, mwanzo na mwisho vijulikane, katikati pasipangwe. Bila mpaka, rekodi hizo hurefuka na mpigaji hupoteza hamu ya kuzisikiliza.

Kuchanganya na kuhifadhi

Kuchanganya rekodi ya ala mbili au tatu hakuhitaji mambo mengi. Kila kilicho chini ya hezi 30 kwenye besi kikatwe, kwa sababu hakuna noti huko, ni mitikisiko ya mkono tu. Kwenye sauti ya mtu, chupa na likembe ndogo, chini ya hezi 100 pakatwe ili besi ipate uwanja wake peke yake. Besi ikae katikati, si kushoto wala kulia.

Wasikilizaji wengi watausikia muziki huo kwenye simu, na spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 hivi. Besi haiponi hapo kwa kuongezwa uzito, maana uzito huo hautoki kabisa. Hupona kwa sauti zake za juu. Uzi wa hezi 41 hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ukisikia ngazi hizo za juu hujijazia wenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Traki ya besi inakiliwe, nakala ikatwe chini ya hezi 300, itiwe mkwaruzo kidogo, kisha iingizwe polepole chini ya ile safi mpaka mstari wa besi ufuatike kwenye simu. Kwenye hedifoni nakala hiyo isitambulike kama ala nyingine. Jaribio la mwisho lifanywe kwenye spika kubwa za kanisani baada ya mazoezi, kwa ruhusa ya wenyewe, kwani hapo ndipo uzito uliopitiliza hujifichua.

Faili zihifadhiwe kwa WAV, jina likianza na mwaka, mwezi na siku ili zijipange zenyewe, na nakala mbili ziwekwe mahali pawili tofauti. Majina ya wote waliopiga yaandikwe siku ileile. Katika muziki uliobuniwa pamoja, kila aliyebuni ana sehemu yake, na haki za watunzi na wapigaji nchini Kongo zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986; shirika linalozisimamia ni SOCODA. Mzee wa likembe aambiwe kabla ya kupiga kwamba anarekodiwa, rekodi itakwenda wapi, na atapata nini ikiuzwa.

Rekodi ambayo mpigaji anampelekea mwenzake wa Uvira au Bukavu ili aongeze tabaka lake itumwe WhatsApp kama hati. Ianze na midundo minne ya chupa kabla ya muziki, ili mwenzake ajue pa kuingilia na tabaka zipangwe baadaye kwa kulinganisha midundo hiyo. Wote wawili warekodi kwa sampuli 48,000. Faili ya 44,100 ikisomwa kama ya 48,000 hukimbia na kupanda zaidi ya nusu toni, na gitaa la mwenzake halitaafikiana nayo kwenye freti yoyote.